Nilivyokosa Vita vya Bukamba

Tangu nirudi Shinyanga kila mmoja wenu ameniuliza kwa zamu yake yaliyonikuta, na kila nilipoanza kueleza amenikatiza kutaka kujua kama nimekuja na dhahabu. Sina dhahabu. Nimekuja na kovu la mguu, na habari za vita ambavyo sikuviona ingawa nilisimama katikati yake nimebeba chungu cha samli. Naandika ili nisimulie mara moja tu. Anayetaka kukatiza, na aikatize karatasi.

Mnanijua. Shule niliiacha darasa la nne kwa sababu nzuri ambayo nimeisahau, na tangu nitoke kwetu Uzaramo sijakaa chini ya paa moja mpaka nyasi zake zikabadilishwa. Safari hii nilitaka kuuona mgodi wa Geita. Sikutaka kazi. Nilitaka kuona watu wanavyoingia chini ya ardhi kwa hiari yao wakiwa bado hai.

Shinyanga hadi Isaka

Gari moshi lilichelewa kwa ajili ya ng'ombe. Dume moja jekundu lilikuwa limelala relini, mwenyewe hayupo, na hakuna Msukuma aliyekubali kumpiga ng'ombe wa mtu bila ruhusa. Behewa zima la daraja la tatu liliteremka, si kumwondoa, bali kumsifu. Walisifu pembe, wakasifu nundu, wakabishana ni wa ukoo gani. Dereva wa gari moshi alipiga honi mpaka akachoka, naye akateremka kusifu.

Tuliporudi ndani nilikuta mwanamke wa makamo amekaa mbele yangu, chungu cha samli kati ya miguu yake na kapu la samaki furu wakavu pajani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wa wapi wewe?"

"Mimi Mzaramo."

Uso wake ukafunguka kama duka asubuhi. "Mzalamo!" Ndivyo alivyolitamka kabila langu mpaka tulipoagana. "Mtani wangu! Babu zangu walibeba mizigo ya babu zako mpaka pwani, wakarudi na vipara utosini. Shika chungu hiki."

"Mama, mimi naenda Geita."

"Na chungu kinaelekea huko huko. Shika."

Nikashika. Utani hauna mahakama ya rufani.

Jina lake ni Mama Minza. Alikuwa amekuja Shinyanga kumwuguza kaka yake, na kaka alipopona tu zikamfikia habari kwamba kwao Bukamba, nchi ndogo ya utemi iliyo kati ya Kahama na Geita, watu wanatafuta mishale. Binti yake wa pekee, Minza, aliolewa ng'ambo ya mto ndani ya nchi hiyo hiyo, na alikuwa na mimba ya kwanza iliyokaribia kabisa. Mama alikuwa na nia moja: kumvusha binti yake arudi upande wa nyumbani kabla mshale wa kwanza haujarushwa.

"Samli hii ni ya kwake," alisema. "Ukiimwaga, Mzalamo, nitakupaka matope na kukulisha mengine."

Isaka hadi Kagongwa

Kutoka Isaka tulipanda lori lililokuwa likirudi na magunia matupu ya pamba. Dereva alikuwa mtu wa watu. Alisimama kwa kila shangazi aliyemwona barabarani, na barabara ile imejaa shangazi. Halafu tairi likapasuka. Utingo akalijaza nyasi, kama desturi ilivyo, ila nyasi zilikuwa kavu na ikabidi akatafute mbichi. Tukakaa kivulini mwa lori tukitafuna karanga na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na hapo ndipo Mama Minza aliponieleza habari za Mtemi wao.

Mtemi huyo aliitawala Bukamba kwa muda mrefu kiasi kwamba watoto walidhani neno "mtemi" ni jina la ugonjwa. Watu walilima mashamba yake kwanza, ya kwao yakingoja mvua ya mwisho. Jogoo wa mtu akiwika kabla ya jogoo wake, alichinjwa jogoo na mwenyewe akatozwa mbuzi. Aliyekohoa wakati Mtemi anakula alionekana ana neno moyoni. Baba mmoja aliuliza barazani kwa nini ng'ombe wa faini hawaonekani Boma. Akapelekwa kulima kwa Mtemi mpaka mgongo wake ukakataa kunyooka.

"Halafu mwaka huu tukakataa kulima," alisema Mama Minza. "Wote. Pande zote mbili za mto. Tulikaa majumbani kama wagonjwa."

"Mtemi akafanyaje?"

"Akalima mwenyewe asubuhi moja. Ndipo akajua amekwisha."

Bwana Shauri, mkuu wa wilaya wa Kizungu, akaja na lori, akampakia Mtemi pamoja na wake watatu na gramafoni, akawaambia watu wachague mwingine kwa utulivu. Kisha akaenda zake likizo Ulaya.

"Na utulivu?" niliuliza.

"Ulipanda lori lile lile."

Nilidhani ni utani, kumbe ulikuwa uchambuzi. Mtemi alipokuwapo, Wabukamba wote walikubaliana juu ya jambo moja: walimwogopa. Alipoondoka, kilichowaunganisha kikaondoka naye. Upande wa mashariki wa mto walitaka mpwa wake, kwa kuwa damu ya utemi ndiyo hiyo na mpwa hakuwa na tabia mbaya bado. Upande wa magharibi, ambako vijana wengi hufanya kazi migodini, walimtaka mnyapara mmoja wa zamani wa Geita asiye na damu yoyote ya maana. Na kila upande ulisema: sisi ndio tuliokataa kulima kwanza. Ninyi mlifuata.

Kagongwa

Kagongwa tulingoja lori la Kahama mpaka nikawajua mbwa wa pale kwa tabia zao. Tulikula kwa Bwana Athumani, mtu wa asili ya Tabora mwenye kofia safi na hoteli chafu. Chai yake ilikuwa nzuri. Maandazi yake yangeweza kurushwa vitani.

Nyuma ya hoteli alikaa mhunzi. Mivukuto yake haikupumzika. Nilihesabu vichwa vya mishale mpaka nikaona ni afadhali nisihesabu. Nikamwuliza ni vya nani.

"Vya mashariki na vya magharibi."

"Huoni vibaya?"

"Ndugu yangu, mimi ni mtu wa amani. Ila amani haijawahi kuja hapa kununua jembe kwa haraka."

Bwana Athumani akaleta chai nyingine na habari mbaya zaidi. "Mishale si kitu," alisema. "Vijana wa magharibi wametoroka mgodini Geita na sanduku la baruti. Wanalinda nalo kivuko cha mto. Mkubwa wao ni mpasua miamba hodari, anaitwa Shija. Amesema watu wa mashariki wakivuka, anaangusha ukingo mzima juu yao."

Nilimgeukia Mama Minza nikitegemea tusi la kuchangamsha. Alikuwa anatazama kikombe chake.

"Shija huyo," alisema, "ndiye mume wa Minza."

Bwana Athumani, kwa aibu, hakudai hela ya maandazi. Mama Minza akaongeza, "Na mkubwa wa mishale ya mashariki ni mume wangu."

Kahama hadi Bukamba

Kutoka Kahama lori lingine lilitusogeza kaskazini, likatuacha njia panda kwa kuwa dereva alikataa kuingia "nchi yenye kelele". Tukaenda kwa miguu, mama mbele na kapu lake, mimi nyuma na chungu, nikiwaomba radhi babu zake kila hatua.

Mnakumbuka kofia yangu ya kaki, ile niliyoibadilisha kwa mkanda. Kofia hiyo nusura inifanye mtu mkubwa. Kwenye vijiji vya mashariki watu walitoka wakapanga mstari, wanaume wakavua kofia zao. Mzee mmoja akanipa kigoda na bakuli la maziwa mgando.

"Serikali imeamuaje?" akauliza kwa unyenyekevu.

"Serikali gani, baba?"

"Wewe."

Nilikwisha kunywa maziwa, kwa hiyo sikuweza kukana mara moja. Nikasema serikali inataka njia ya kwenda mtoni. Wakatazamana. Mmoja akasema, "Ameficha uamuzi," na wengine wakaitikia kwamba ndivyo serikali zilivyo. Mama Minza akacheka mpaka akakaa chini, akawaambia ni Mzaramo tu, hana uamuzi hata juu ya miguu yake. Wakaninyang'anya kigoda. Maziwa yalikuwa yamekwisha.

Tulipokaribia mto tuliwakuta wapiga mishale wamelala kwenye majani, na mbele yao mtu mrefu mwenye mvi, upinde mkononi. Huyo ndiye Masanja, baba wa Minza.

"Umerudi," alimwambia mkewe. "Kaka hajambo?"

"Hajambo. Nataka kupita."

"Hapapitiki."

"Minza yuko ng'ambo."

"Najua alipo Minza!" Alisema kwa sauti ambayo hata wapiga mishale waliangalia pembeni. Kisha akashusha sauti. "Nimetuma neno avuke. Hakuvuka. Yule mumewe ana baruti, Mama Minza. Ukiweka mguu majini atalipua, na mimi nitajibu. Unataka nijibu wewe ukiwa katikati?"

"Nataka samli ifike," alisema, akashuka ukingoni. Akageuka. "Mzalamo! Unangoja gramafoni?"

Mtoni

Sitawadanganya kwamba nilikuwa jasiri. Nilimfuata kwa kuwa nilikuwa na chungu chake, na kumrudishia chungu mbele ya watu wote wale wenye mishale ilikuwa aibu kubwa kuliko kufa, au ndivyo nilivyofikiri kwa muda mfupi ule.

Mto ulikuwa umebaki vidimbwi na mawe. Ng'ambo, juu ya kichuguu kikubwa, alisimama kijana mwenye kifua kipana na sigara mdomoni. Miguuni mwake palikuwa na sanduku, na utambi ulishuka kutoka sandukuni mpaka kwenye ukingo. Kando yake vijana wenzake walikuwa wamechutama. Alitoa sigara mdomoni akaishika karibu na utambi, akafungua kinywa atukemee.

Mama Minza akasimama katikati ya mto, akajitengeneza kanga, akakohoa. Si kikohozi cha ugonjwa. Alikohoa taratibu, mara mbili, kama mtu anayebisha hodi.

Hapa lazima nieleze kwa wale wa pwani. Kwa Wasukuma mwanamume hakutani na mama mkwe wake. Akimwona njiani huacha njia, hata kama pembeni ni miiba. Hamtazami usoni, hali mbele yake, hapazi sauti akiwapo. Na mama mkwe mwenye adabu hukohoa mapema, ili mkwe apate nafasi ya kujificha. Ni heshima, si woga, ingawa ukiziangalia mbio zenyewe huwezi kutofautisha.

Shija alifunga kinywa. Aliutazama utambi, akaitazama sigara, akatazama kando. Kuamuru hawezi, maana atapaza sauti. Kukaa hawezi, maana ameonekana. Kuwasha ndiyo kabisa. Aliimeza ile sigara, au aliitupa, sikuona, akakumbatia sanduku lake, na mkubwa wa baruti wa magharibi akatoweka nyuma ya kichuguu na utambi ukimfuata kama mkia.

Mimi nikadhani wenzake watashika nafasi yake. Wapi! Ukingoni mashariki, nyuma yetu, walikuwa wamesogea wanawake wawili watatu kumtazama Mama Minza, na kila mmoja alikuwa na binti ng'ambo. Mmoja akakohoa, labda kwa vumbi. Vijana wawili wakaruka majanini. Mwingine akakohoa kwa makusudi kabisa. Kivuko kikabaki na kijana mmoja aliyekuwa hajaoa, naye akaona upweke, akaondoka.

Hapo ndipo nilipolielewa kosa la majemadari wa Bukamba. Uzaramo lisingetokea, kwetu tunagombana na wakwe wetu vizuri tu. Wao walipanga mstari wa vita kwenye kivuko kile kile walichozoea kupitishia ng'ombe wa mahari.

Nilifurahi mno nikakanyaga jiwe lenye utelezi. Mguu ulichanika. Samli haikumwagika, na naomba hilo likumbukwe siku ya mazishi yangu.

Ng'ambo

Minza alikuwa amekwisha jifungua. Tulimkuta amelala kwenye ngozi, mtoto kifuani, anachekacheka kwa uchovu. Mama yake alipiga magoti, akamchukua mtoto, akamnusa kichwani. Kisha akasema, "Jiandae. Kesho asubuhi tunavuka."

"Sivuki, mama."

"Nimekuja na Mzalamo wa kubeba vitu."

"Namwona, ana damu. Sivuki." Minza alijiinua kwa kiwiko. "Baba akijua niko huku, mshale wake unasita. Shija naye anajua baba yangu yuko kule, naye anasita. Nikivuka, upande huu hauna mtu wa baba tena. Watapigana siku hiyo hiyo."

"Na wakipigana nawe uko humu ndani?"

"Ndiyo maana ninaogopa," alisema Minza, akaanza kulia, na mtoto naye akaanza, na mimi nikatoka nje kuangalia hali ya hewa.

Nyuma ya ghala la nafaka sauti ikaniita. "Mzaramo! Psst! Mama yuko ndani?" Alikuwa Shija, amechutama na sanduku lake.

"Yuko ndani."

"Mwambie asikae huku. Mambo ni hatari."

"Mwambie wewe, ni mkweo."

"Unataka nilaaniwe?" Alijifuta jasho. Kwa karibu alikuwa kijana mdogo tu, macho yamewiva kwa kukosa usingizi. "Mimi nilitaka Mtemi aondoke. Aliondoka. Sasa wanasema nikiacha kivuko, mpwa atarudisha yote, jogoo, faini, kulima. Wewe umetembea. Ni kweli?"

Nilimwambia sijui. Ndilo jibu pekee la kweli nililolitoa katika safari ile.

Kesho yake asubuhi, mimi nikiwa nanywa uji wa mtama, Mama Minza alichukua kigoda na ungo akaenda kukaa kivukoni upande wa magharibi, juu kabisa ya mahali pa baruti, akaanza kupepeta. Jua halijawa kali, wale wanawake wawili watatu wa jana wakavuka na nyungo zao kuja "kumsalimu mtoto", wakasalimu, wakaenda kukaa naye. Kila walipokohoa, majani yalitikisika mbali zaidi.

Akaniita. "Mzalamo, vuka ukamwambie Baba Minza. Binti haji. Na mimi sirudi. Akitaka vita aje aanze na mimi, nimekaa mbele. Mwambie hivyo hivyo, usitie adabu."

"Ananiua, mama."

"Hakuui. Wewe ni mtani."

Kurudi ng'ambo, na Geita

Masanja alinisikiliza akiwa amesimama. Nilisema yote, bila adabu kama nilivyoagizwa, na nikaongeza langu kwamba jemadari gani huyu asiye na mtu wa kumpikia ugali. Mtu mwingine yeyote angekufa kwa neno lile. Masanja akauegemea upinde wake.

"Mtoto ni wa kiume au wa kike?"

Majanini vichwa vikainuka kimoja kimoja. Nusu yao walikuwa wajomba.

"Wa kike."

"Mzima?"

"Mzima."

"Anafanana na nani?"

"Na wewe, maskini ya Mungu."

Kicheko kilianzia nyuma, kikaja mbele, kikamfikia mwenyewe. Alicheka kwa pua tu, na macho yake hayakucheka. Alikuwa anatazama ng'ambo, zile nyungo zinazopanda na kushuka. Kijana mmoja akamsogelea. "Baba, sasa tunafanyaje? Wao hawajamwacha mnyapara wao."

"Hawajamwacha. Na sisi hatujamwacha wetu." Masanja alilegeza uzi wa upinde. "Kesho nakwenda kumwona mjukuu wangu. Kesho kutwa nitamuua baba yake."

Alivuka kweli, nilimwona, amebeba ngozi ya kondoo ya kumbebea mtoto, na mkewe akamsogezea kigoda. Mimi niliagana na Mama Minza kwa matusi mazuri tuliyokuwa tumeyaweka akiba, nikashika njia ya Geita.

Mgodi niliuona. Ni shimo. Nilikaa huko nikisukuma toroli mpaka udadisi ukaniisha, na kila lori lilipoleta watu kutoka Bukamba nilikuwa wa kwanza kulikimbilia. Sikuwa na amani. Kiti cha utemi kilikuwa bado kitupu, mhunzi wa Kagongwa alikuwa bado anavukuta, na sanduku la baruti hakuna aliyelirudisha. Niliwauliza wote swali moja: wamepigana?

"Bado," walinijibu, wakipakua mizigo yao. "Ni kesho kutwa."